Laini ya Kitinda

Zamani ukimtumia Bi Pindo hela kwa simu, kabla hujabonyeza kukubali, simu ilikuwa inakuletea jina la mwanaume. Majina matatu kamili, ya mwanaume mtu mzima. Mteja mgeni lazima asite. Anamwangalia yule mama aliyeinama juu ya cherehani na pini mdomoni, anaangalia simu yake tena, halafu analisoma lile jina kwa sauti na kuuliza kama hajakosea namba. Bi Pindo, bila kuacha kukanyaga, anamjibu, "Ndiye huyo. Tuma tu."

Mimi jibu hilo nimelisikia mpaka nikaliota. Kibanda changu cha uwakala kimebanana na kibaraza chake, kati yetu pana bati moja tu, akipiga chafya mimi ndiye namwitikia. Watu wananiita Mama Floti kwa sababu kila wakati nalalamika kwamba floti imeisha, yaani ile hela ya kwenye simu ninayowawekea wateja. Si uongo, nalalamika kweli. Lakini jaribu wewe kukaa kwenye boksi la mbao kutwa nzima, watu wanakuletea noti zilizolowa jasho na wanataka uwachekee. Mdomo wangu hauna breki, na wanaonijua walishazoea.

Bi Pindo naye hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Kalipata kwa kazi ya mikono yake. Suruali iliyopita kwake itachanika magoti, itapauka, itarithiwa na mdogo mtu, lakini pindo liko pale pale. Kuna mafundi wana mbwembwe, wanakuchorea mitindo ya ajabu na siku ya sherehe nguo inakuachia mwenyewe mbele za watu. Yeye hana mbwembwe. Anakupima, anaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, anakwambia njoo siku fulani, na siku hiyo ukija nguo ipo.

Sasa hilo jina la mwanaume. Wengi walidhani ni la mume. Mume alikuwa naye, akaenda zake, na kuondoka kwake hakukumkosesha Bi Pindo hata kikombe cha chai. Jina lilikuwa la mdogo wake, kitinda mimba kwao, na mtaa mzima tulimwita Kitinda hivyo hivyo mpaka alipoota ndevu. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, dada mtu akabaki naye. Alimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani, na mtoto alikuwa halali mpaka asikie ile ngurumo. Bi Pindo akimtaja anasema "mdogo wangu," lakini sauti inayotoka ni ya mama.

Laini ilianza hivi. Ilipokuja amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho, Bi Pindo hakuwa na kitambulisho. Kitinda ndiyo kwanza alikuwa amepata chake, anakionyesha hata kwa asiyemuuliza. Akaenda akasajili laini mbili kwa jina lake, moja yake, nyingine ya dada yake. Nyumba nyingi tulifanya hivyo. Mwenye kitambulisho ndiye anasajili ukoo mzima, shangazi, babu, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mimi mwenyewe miaka hiyo nilitumia laini ya shemeji yangu. Hakuna aliyeona ubaya, maana laini ilikuwa ya kusalimiana na kuulizana habari za wagonjwa. Nani alijua kwamba siku moja laini ya simu ndiyo itakayosema wewe ni mtu wa aina gani?

Namba aliichagua Kitinda mwenyewe. Yeye na hesabu walikuwa hawaivi chungu kimoja, kwa hiyo alipekua laini zote za dukani mpaka akapata yenye namba zinazofuatana vizuri, akaitilia ka-wimbo ili asiisahau. Alikuwa anaimba namba ya dada yake akiwa anaoga uani, na sisi sote tunaisikia. Ndiyo maana mpaka leo naijua kwa kichwa, ingawa ya mume wangu mwenyewe lazima niangalie.

Halafu akapata safari. Kazi ya kuendesha malori, nchi ya mbali, kupitia mtu aliyekuwa na ofisi na koti zuri. Mwanzoni alikuwa anapiga. Alisimulia baridi, alisimulia barabara zisizo na mwisho, alisema chakula cha huko hakina ladha. Kisha akaanza kupiga kwa simu za wenzake. Mara ya mwisho sauti ilikuwa inakatika, upepo mtupu, na alichosema Bi Pindo amenirudishia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuapa nilikisikia mwenyewe: "Dada, simu yangu imepotea. Nitakutafuta. Usibadilishe namba, ndiyo pekee iliyo kichwani."

Baada ya hapo, kimya. Bi Pindo alikwenda kwa yule mtu wa ofisi na koti zuri, akakuta panauzwa magodoro. Aliuliza wasafiri, aliuliza madereva, alimuuliza mpaka mtu aliyewahi tu kupita nchi ya jirani na ile. Miaka ikapita. Simu yake haijawahi kuzimwa sauti, hata msibani. Ikiita namba asiyoijua, mguu unatoka kwenye kanyagio kabla mlio wa kwanza haujaisha, anapokea, anasema "haloo" kwa sauti ambayo hana wakati mwingine wowote. Kwa kawaida ni mtu anauza bima. Anamsikiliza mpaka mwisho, anamshukuru, anarudi kwenye cherehani. Mimi ningewatukana.

Siku moja akaingia kibandani kwangu na futi ya kupimia shingoni, midomo inamcheza. Akanipa simu. Ulikuwa ujumbe, na ulianza na neno Mpendwa, likafuata jina la Kitinda, yote matatu, kisha hongera. Bi Pindo hakuwa amesoma zaidi ya hapo. Aliniuliza kama hawa watu wanamjua mdogo wake, kama wameonana naye, maana wanampongeza, na mtu hapongezwi kama hayupo.

Nilisoma wote. Ulikuwa ujumbe wa mkopo. Watu wa mikopo ya simu walikuwa wanamwambia mwenye laini kwamba amestahili kukopa, na kiasi kilikuwa si haba. Ilibidi nimwambie. Nilisema haraka haraka, kwa sababu jambo baya likisemwa polepole linauma zaidi. "Dada, hapa hakuna habari za Kitinda. Wameona hela zinavyoingia na kutoka kwenye laini hii, wameona hushindwi kulipa, ila kwao laini ina jina lake. Wanamsifu yeye kwa kazi yako."

Akakaa kwenye kreti langu la soda. Halafu akasema basi, akafuta macho kwa kona ya kitambaa cha mteja, akaenda kukipiga pasi tena.

Niseme kitu hapa, maana kuna watu wanaisema vibaya mikopo ya simu kana kwamba haina hata jema moja. Mimi na Bi Pindo tulishawahi kwenda benki. Tulivaa, tukapaka mafuta, tukakaa kwenye viti laini. Afisa alitaka hati ya nyumba. Alitaka mdhamini mwenye mshahara. Bi Pindo akamwambia yeye ana cherehani na mikono miwili, na yule afisa akacheka, tena si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyesikia kitu cha kweli asichoweza kukiandika popote. Tukatoka. Simu haikuuliza nyumba ya nani. Muuza nyanya anakopa alfajiri, anajaza genge, jioni amerudisha. Fundi baiskeli anapata vipuri. Wapo waliojichimbia shimo kwa mikono yao, ndiyo, wanakopa huku kulipa kule, mpaka wanapigiwa mama wakwe kutangaziwa madeni. Nimewaona, wanakuja kibandani macho chini. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kinachomwona mtu wa kibarazani anavyofanya kazi na kumwambia, wewe unaaminika. Kilimwona Bi Pindo kila kitu isipokuwa uso, kikamwita kwa jina la mwingine.

Mikopo midogo ilipozidi kuja aliikataa yote. Alisema deni ni la mwenye jina, na hataki Kitinda arudi akute anadaiwa. Nilimcheka. Nilimwambia kuna watu wanasubiri ndugu warudi na zawadi, yeye anasubiri ndugu arudi akaguliwe mahesabu. Akacheka pia, lakini hakukopa.

Ikabaki hivyo mpaka Fundi Suti alipoishiwa macho. Huyu alikuwa mzee wa ng'ambo ya barabara, ameshona makoti ya maharusi wa mtaa huu na watoto wao. Alikuwa na cherehani ya umeme pamoja na ovaloki, ile mashine inayofunga nyuzi za pembeni ili nguo isifumuke, na Bi Pindo alikuwa anavuka kila siku na marundo kwenda kufungiwa kwake kwa malipo. Alikuwa anaimezea mate ile ovaloki kuliko wengine wanavyomezea mate nyumba ya ghorofa. Mzee alipoamua kwenda kuishi kwa mwanawe, alimwita akamwambia anaziuza zote mbili kwa pamoja, na anamtaka yeye kwanza. Lakini mwezi ukiisha mwanawe anakuja na gari, na hapo atamwachia yeyote mwenye hela.

Na mambo mazuri yana tabia ya kuja yameshikana mikono. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma yetu alipita kibarazani, akageuza pindo la sketi ndani nje, akaliangalia, akasema sare za mwaka unaokuja angependa zishonwe hapa, mradi mashine iwepo. Kwa cherehani ya mguu, kazi ile ingemaliza mwaka na fundi mwenyewe. Bi Pindo alikuwa na akiba, ila ilifika kiunoni tu. Iliyobaki ilikuwa ndani ya ile simu, inamngoja mdogo wake.

Kwa mkopo mkubwa, namba ya siri peke yake haitoshi. Simu inataka uso wa mwenye laini. Wazo lilikuwa langu na silikatai. Bi Pindo na Kitinda walifanana mno. Paji lile lile, mwanya ule ule, hata ile tabia ya jicho moja kuwahi kucheka kabla ya lingine. Nilimwambia kama sisi watu wazima tulikuwa tunawachanganya kwenye picha, kamashine kataona nini? Alipinga kutwa nzima. Nikamuuliza anamwibia nani, kama hela atalipa yeye na kazi ni yake. Kesho yake akaja, amejitanda kitambaa, akakaa kwenye kreti.

Simu ikachora duara, ikasema weka uso wako ndani. Akaweka. Ikasema pepesa macho, akapepesa. Ikasema geuka kushoto, akageuka taratibu kama mtu anayepigwa picha ya pasi, mgongo umenyooka, na mimi nimeishikilia simu. Ikafikiri. Ikazungusha kale kaduara kake. Kisha ikaandika kwamba inasikitika, uso huu haufanani na wa mwenye laini, na tukijaribu tena laini itafungwa.

Tulianza kwa kucheka, wote wawili. Nilisema mashine haina macho, nikaitukana na mtengenezaji wake. Yeye alivua kitambaa akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo. "Maisha yangu yote naambiwa tumefanana," akasema.

Ikabaki njia moja, kuihamisha laini iandikwe jina lake pamoja na historia yake yote. Kitambulisho alishapata siku nyingi. Tukaenda ofisi ya kampuni ya simu, chumba cha baridi, unachukua namba unangoja kuitwa. Aliyetuhudumia alikuwa binti mpole, anamwita mama kila sentensi. Akaeleza kwamba njia ni mbili tu. Mwenye laini aje mwenyewe, au kiletwe cheti cha kifo chake. Bi Pindo akasema hayupo, amesafiri. Binti akauliza amesafiri lini. Aliposikia, akaiacha ile kompyuta, akainamisha kichwa karibu na kioo na kupunguza sauti. Akasema wengi wana tatizo hili. Mtu akipotea miaka yote hiyo, ukienda serikalini na mashahidi unapewa karatasi ya kumhesabu amefariki, wala haichukui muda. "Mama, ni karatasi tu," akasema, na wallahi alikuwa anamhurumia.

Mimi nilikuwa nampiga kiwiko Bi Pindo mbavuni. Shahidi wa kwanza ningekuwa mimi. Nilishaanza kupiga hesabu za njia, leo serikalini, kesho kutwa hapa, mwezi bado haujaisha. Bi Pindo akamshukuru yule binti, akachukua mkoba wake, akatoka.

Barabarani nikamshambulia. Nilisema yote. Nilisema wahenga hawakuwa wajinga, asiyekuwepo na lake halipo, na hapa asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu na aliyepo hana hata jina. Nilisema Kitinda mwenyewe angekuwepo angeisaini hiyo karatasi mbio mbio, maana alimpenda. Nilisema sare, nikasema ovaloki, nikasema uzee unakuja na hiyo miguu ya kukanyaga itachoka. Akasimama chini ya ubao wa tangazo, watu wanatupita pembeni.

"Mama Floti, nikiandika kwamba amekufa ili nipate cherehani, siku akipiga nitaipokea vipi hiyo simu?"

Nikamwambia dada, hapigi. Ilinitoka. Hakunikasirikia. Alinishika mkono akanisogeza kutoka kwenye njia ya watu, akasema kitu ambacho kwa miaka yote ya kukaa naye bati kwa bati sikukijua. Alisema najidanganya nikidhani yeye anachoka kuulizwa lile jina. Hachoki. "Kila siku kuna mtu analitaja," akasema. "Hata mtu asiyemjua. Anasimama pale anamwita kwa majina yake yote, anauliza kama ndiye, na mimi nasema ndiye. Nyumba nyingine mtu akipotea hata kutajwa hatajwi."

Nilinuna. Nikinuna mimi mtaa wote unajua, hata wateja wanahesabu hela zao kimya kimya. Nilinuna kwa sababu nilikuwa namtaka apate, na kwa sababu alikuwa amenishinda.

Mwezi ukaisha. Mashine za Fundi Suti zilinunuliwa na kijana wa mtaa wa pili, na mkokoteni ukapita mbele ya kibaraza chetu. Nilidhani Bi Pindo ataingia ndani. Badala yake aliacha kazi, akaenda kuwasaidia kufunga kamba, akamwonyesha yule kijana skrubu inayopenda kulegea na mahali pa kutia mafuta. Aliifuta vumbi ovaloki kwa pindo la kanga yake kabla hawajaifunika. Sare za shule zikaenda kwa mwingine. Jioni ile cherehani ya mguu ilinguruma kama kawaida, ila alikuwa anafumua alichoshona na kukishona upya, namsikia, na hiyo si kawaida yake.

Baadaye akafanya alilopaswa kufanya tangu mwanzo, kama unaniuliza mimi, lakini hakuniuliza. Alisajili laini mpya kwa kitambulisho chake mwenyewe, akanunua kasimu kadogo ka kuiwekea, akaandika namba mpya kwenye ubao na kuwaambia wateja walipie huko. Mteja wa kwanza akaandika namba, jina likaja, la mwanamke, la kwake Bi Pindo, alilopewa na wazazi. Mteja akatuma akaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu. Wa pili vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya bati nasubiri lile jibu lake, mazoea yana taabu, na halikuja siku hiyo wala zilizofuata.

Laini mpya ilimtazama kama mtu aliyeshuka jana kutoka mwezini. Akiomba mkopo inamwambia kwa sasa hustahili. Mtu ana mvi, ameshonea nusu ya mji, anaanza kutambaa. Mkopo wa kwanza ulipokuja ulitosha kununua nyuzi. Nilimtania kwamba wamemwamini bobini moja ya uzi, wakiona hajakimbia nayo watamwongezea ya pili. Akazichukua hizo nyuzi, akalipa kabla ya siku yake. Ukaja mwingine, wa vitambaa vya bitana. Akalipa. Haba na haba, kama tunavyosema, ila kibaba chenyewe kilichukua muda mrefu kuliko msemo unavyofanya watu waamini.

Mwishowe laini ikamkubali kwa watu wanaotoa mashine kwa kulipa kidogo kidogo. Unalipa kwa simu, mashine inafanya kazi, ukichelewa inajizima yenyewe mpaka ulipe. Ikaletwa cherehani ya umeme na ovaloki mpya, bado zina nailoni. Mtaa mzima tulikuja kuangalia. Bi Pindo aliwasha, akashona mstari mmoja, akauleta karibu na macho. Mguu wake chini ya meza ulikuwa bado unapapasa kutafuta kanyagio. Alitabasamu, jicho moja likatangulia, na niliona wazi ni nani ambaye yeye alikuwa anamtaka awepo pale kuliko sisi sote tuliojazana.

Simu ya zamani haikutupwa. Inakaa kwenye kopo la chaki na pini, imechajiwa, sauti iko juu. Lakini siku moja aliniletea ujumbe mwingine, safari hii anautoa polepole. Kampuni ilikuwa inasema laini hii haijatumika muda mrefu, na isipotumika itafungwa na namba atapewa mtu mwingine. Alinisomea mwenyewe mpaka mwisho. Aliniuliza kama ni kweli wanaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo hiyo. Nikamwambia wanaweza. Akauliza, na mtu akiipiga atapokelewa na huyo mwingine? Nikamwambia ndiyo, dada. Akaichukua simu yake akaondoka, na mikono yake ambayo haijawahi kukosa tundu la sindano ilikuwa inatafuta mlango wa kibanda changu.

Mimi si mtu wa kubembeleza, sina hiyo lugha. Nilikwenda nyumbani nikatafuta kabatini sketi yenye pindo bovu, nikakosa, kwa sababu zote kashona yeye. Nikachukua mkasi nikafumua moja. Asubuhi nikampelekea, akaiangalia, akaniangalia, akasema pindo hili limefumuliwa na mkasi. Nikamwambia ni panya. Akasema panya wa kwako ana mkono ulionyooka. Akashona bila kuuliza zaidi.

Tangu hapo nimekuwa mteja mkubwa, na nimewaambia na wengine. Muuza nyanya, fundi baiskeli, hata mwalimu mkuu, ambaye sasa amemrudishia kazi ya sare, wanajua kwamba mara moja moja malipo yanaingia kule kwenye laini ya zamani, isije ikafungwa. Hela hizo Bi Pindo hazitoi hata senti. Anasema ni nauli ya Kitinda.

Lakini siku ile ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilivaa sketi yangu pale pale juu ya gauni, nikatoa simu, na badala ya kuangalia ubaoni nikaandika ile namba nyingine, kwa ka-wimbo, midomo ikinicheza. Jina likaja. Nikasimama mbele ya meza yake kama mteja mgeni, yule msumbufu, nikalisoma kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, majina yote matatu.

"Mbona limekuja jina la mwanaume?" nikamuuliza. "Ndiye huyu?"

Cherehani ya umeme haina ngurumo, ikinyamaza unaweza usijue. Nilijua kwa sababu mguu wake ulitulia. Hakuinua kichwa.

"Ndiye huyo," akasema. "Tuma tu."